Mafiga matatu na hesabu ya kuni

Kuna mashine inayosifiwa sana Ulaya miaka hii ambayo jina lake la Kiswahili bado halijatulia. Wapo watakaoiita pampu ya joto, nami sina ugomvi na jina hilo. Kazi yake humshangaza asiyeizoea, kwa maana haichomi kitu chochote. Hulichukua joto lililoko nje, hata siku ya baridi, ikalisukuma ndani ya nyumba, kama vile jokofu linavyolitoa joto kabatini mwake na kulimwaga mgongoni. Kwa kila uniti moja ya umeme inayotumia, mwenye nyumba hupata uniti tatu za joto au hata zaidi. Vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022 na bei ya gesi ikapaa, watu wa huko walizikimbilia mashine hizo kuliko walivyowahi kufanya, na hadi leo magazeti yao yamejaa hesabu za nani ameokoa kiasi gani.

Msomaji wa Bokoli, Misikhu au Kiminini ana haki ya kuuliza habari hizo zinamhusu nini. Sisi hatupashi nyumba joto. Usiku ukiwa wa baridi kule Kitale tunajifunika blanketi la pili, na asubuhi jua hutufanyia kazi iliyobaki bila malipo. Hata hivyo swali ambalo mashine ile hulijibu ni swali letu pia, tena letu zaidi kuliko lao: katika joto lote ninalolilipia, ni kiasi gani kinachofika mahali nilipotaka kifike? Mzungu huliuliza swali hili akitazama sebule yake. Sisi hatuna budi kuliuliza tukiwa tumesimama jikoni, machozi yakitutoka kwa moshi.

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa asilimia 55.1 ya familia za Kenya hupikia kuni na asilimia 11.6 hupikia makaa. Kwa hiyo theluthi mbili ya nyumba za nchi hii huupata moto wao kwenye mti, na katika mashamba ya kaunti ya Bungoma mtu hahitaji sensa kulijua jambo hilo. Wengi wa wanaotumia kuni bado huzichoma baina ya mafiga matatu, kama walivyofanya waliotutangulia.

Nisije nikaeleweka vibaya: sina dharau kwa mafiga. Ni chombo kilichobuniwa na watu wenye akili. Mawe matatu husimama imara hata pale sakafu ya udongo isipokuwa sawa, jambo ambalo meza ya miguu minne haliwezi. Huchukua sufuria ya kikombe kimoja cha chai na sufuria ya ugali wa matanga, na jiwe likipasuka unaokota jingine bila kuuliza bei. Moto wake huota watu, hukausha mahindi yaliyoning'inizwa juu na kuwafukuza mchwa kwenye paa la nyasi. Lakini wanaopima mambo haya wanakubaliana kwamba katika joto lote la kuni zinazowaka kwenye mafiga, asilimia 10 hadi 15 tu ndiyo inayoingia katika chakula. Salio huupasha upepo, ukuta, miguu ya mpishi na anga la Mwenyezi Mungu. Ukinunua kuni za shilingi 100, za shilingi 85 au 90 zimekwenda na upepo.

Kwa nini basi hasara kubwa hivyo haituumi? Nitajibu kama mtu wa lugha, kwa sababu naamini sehemu ya jibu imo katika maneno tunayoyatumia. Tunasema watoto wameenda "kuokota" kuni. Kitenzi hicho tunakitumia kwa sarafu iliyoanguka njiani na kwa maembe yaliyopukutika, vitu ambavyo mtu huvipata bila kuvitolea jasho. Hakuna asemaye ameokota maji, ingawa mto nao hautozi ada; maji tunayateka, tunayachota, na katika vitenzi hivyo kazi inaonekana. Kuni tumezipa kitenzi kinachoificha kazi. Msichana aliyetembea saa mbili na mzigo kichwani, akarudi na shingo inayomuuma na zoezi la hisabati ambalo hajaligusa, lugha inamwambia kuwa ameokota tu.

Siku hizi hata kitenzi chenyewe kimepitwa na wakati. Sehemu za Bokoli nilizozijua utotoni zikiwa na vichaka, leo zina miwa na mahindi hadi ukingoni mwa barabara. Mwenye mikalitusi mpakani mwa shamba huihesabu kama ng'ombe. Isitoshe, kwa miaka mingi eneo hili lilipakana na mlaji mkubwa wa miti, kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichoanza kazi katika miaka ya 1970 na kufungwa mwaka 2009. (Aliyewahi kupita Webuye enzi hizo kwa basi hahitaji kukumbushwa harufu yake.) Kuni sasa zinanunuliwa kwa fungu na kwa mkokoteni. Hata hivyo desturi ya kuzichoma imebaki ileile ya wakati zilipokuwa za kuokota.

Neno "jiko" lenyewe lina mengi ya kusema. Ni neno la kale miongoni mwa lugha za Kibantu: Wakikuyu wanasema *riiko*, na Wazulu walioko mbali kusini wanasema *iziko*, wote wakimaanisha mahali pa moto. Katika Kiswahili limebeba maana ya mahali, chombo na chumba, na kwa mzaha wa wanaume limebeba pia maana ya mke: kijana akioa husemwa kuwa amepata jiko. Mzaha huo una ukweli mchungu ndani yake. Baba anayetoa ng'ombe kadhaa kwa ajili ya jiko la kwanza hukunja uso akiombwa shilingi mia chache za jiko la pili, kwa hoja kwamba mbona hili la kwanza lilikuwa likipika vizuri tu.

Sarufi nayo imeanza kutofautisha. Wingi wa jadi ni "meko", lakini ukitembea sokoni Chwele au Kimilili utawasikia wauzaji wakisema "majiko". Walimu wenzangu hulisahihisha neno hilo kwa kalamu nyekundu. Mimi siku hizi nasita kidogo, kwani naona wasemaji wamegawa kazi: meko ni mahali pa moto pasipohamishika, majiko ni vyombo vinavyouzwa na kubebwa. Lugha hutenga maneno mawili pale ambapo watu wameanza kuona vitu viwili.

Historia ya hayo majiko inastahili kufundishwa shuleni kuliko inavyofundishwa. Jiko la bati la makaa, lile lililo wazi pande zote, inasemekana lililetwa na Wahindi waliokuja kujenga reli, ileile reli iliyopita baadaye hapa Webuye ikielekea Malaba. Jiko hilo lilikuwa rahisi kutengeneza na fundi aliye chini ya mti aliliweza, lakini bati halizuii joto hata kidogo. Mwaka 1981 mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mbadala ulifanyika Nairobi, na katika miaka iliyofuata wasanifu wa Kenya, miongoni mwao Max Kinyanjui, wakishirikiana na mafundi wa jua kali, walilichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand na kulibadilisha hadi likakubalika hapa. Bati likabaki nje, ndani likavishwa ngozi ya udongo uliochomwa, na kiuno chake kikabanwa. Ndilo jiko tunaloliona kila mahali leo, lenye umbo kama la mwanamke aliyejifunga mshipi. Hupunguza makaa kwa asilimia 30 hadi 50 likilinganishwa na lile la bati tupu.

Kwa upande wa kuni, chama cha Maendeleo ya Wanawake kikisaidiwa na shirika la Kijerumani la GTZ kilieneza katika miaka ya 1980 jiko lililopewa jina la Maendeleo. Ni mtungi wa udongo uliochomwa, wenye mdomo mmoja wa kutilia kuni, unaojengewa kwa matope mahali palepale yalipokuwa mafiga. Baadaye, hapa magharibi ya Kenya, mtungi huo ulijulikana kwa jina la Upesi, na akina mama wafinyanzi wa sehemu za Kisumu waliufanya kuwa kazi ya kuwapatia riziki. Majina hayo yananivutia kitaaluma. "Maendeleo" ni lugha ya mkutano wa hadhara. "Upesi" ni lugha ya mtu mwenye sufuria mkononi na watoto wanaolia njaa. Ni kielezi kilichogeuzwa kuwa nomino, na aliyekichagua alilijua jambo moja muhimu, kwamba mpishi hanunui ufanisi, ananunua muda.

Jirani yangu mmoja wa Bokoli, mama aliyelea watoto saba, nilimpelekea habari za mtungi huo. Akanisikiliza kwa adabu zote wanazostahili wageni, kisha akasema: "Mwalimu, mdomo wake ni mdogo. Nani atanipasulia kuni?" Nikamjibu kwamba ndiyo siri yenyewe, mdomo mdogo huzuia upepo. Akacheka. "Upepo nimekuelewa. Nimeuliza nani atapasua."

Swali hilo limewashinda wataalamu wengi wenye shahada kubwa kuliko yangu. Kwenye mafiga unaweza kusukuma gogo zima, likawaka ncha moja huku unalisogeza kidogo kidogo. Mtungi unataka kuni zilizochanwa vipande vyembamba na zilizokauka. Kuchana kuni ni kazi ya shoka, na shoka katika nyumba nyingi za kwetu liko mikononi mwa mwanamume. Ndiyo maana nasema kuwa jiko bora halimhusu mama peke yake. Mwanamume akitaka kuona pesa zinabaki mfukoni, na apasue kuni Jumamosi, azipange chini ya upenu zikauke kwa wiki kadhaa. Mti uliokatwa leo una maji karibu nusu ya uzito wake. Ukiuchoma hivyo, moto hutumia nguvu zake kuyafukuza hayo maji kwanza, na macho yako ndiyo hulipa. Hali kadhalika magunzi ya mahindi, ambayo baada ya mavuno hutupwa kwa magunia sehemu za Kitale na Bungoma, huwaka vizuri sana katika mtungi na hayahitaji shoka.

Sasa nije kwenye hesabu, na hapa nawaomba wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne watwae kalamu. Bokoli iko juu ya usawa wa bahari kiasi cha mita 1,500 na zaidi, kwa hivyo maji huchemka yakifika nyuzi 95 hivi, si 100 kama vinavyosema vitabu. Kuichemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi hapo kunahitaji kilojuli 314. Lakini kuigeuza lita hiyohiyo kuwa mvuke kunahitaji takriban kilojuli 2,260, zaidi ya mara saba ya zile za kwanza. Yaani gharama kubwa haiko katika kuchemsha. Iko katika kuacha chakula kitokote kwa kishindo, kifuniko kikiwa wazi, mama akiongeza maji kila mara.

Endeleeni kupiga hesabu. Kilo moja ya kuni kavu ina megajuli 16 hivi. Mafiga yakifikisha asilimia 12 au 15 tu kwenye sufuria, kila lita ya maji inayopotea kwa mvuke imekula takriban kilo moja ya kuni. Maharagwe yanayotokota mchana kutwa, yakaongezwa maji mara tatu, yameteketeza kilo tatu za kuni ambazo hazikuivisha hata punje moja. Maji yanayotokota polepole yana joto lilelile la maji yanayotokota kwa kishindo, na punje ya haragwe haiwezi kuzitofautisha hali hizo mbili. Huivishwa na joto na muda, haivishwi na kelele.

Aliyeuelewa ukweli huo ataelewa kwa nini nakitetea kikapu. Ni kikapu cha kawaida kilichotandikwa ndani majani ya migomba yaliyokauka, matambara, sufi au blanketi kuukuu, pakaachwa nafasi ya sufuria katikati na mto wa kufunikia juu. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha na kumwagwa maji yake huchemshwa kwa nguvu kwa muda usiopungua nusu saa, na huku kwetu nyanda za juu afadhali yaongezewe dakika chache, kwa kuwa maharagwe mekundu mabichi yana sumu inayoondolewa na mchemko wa kweli. Kisha sufuria, ikiwa imejaa na kufunikwa, huingizwa kikapuni mara moja, na moto huzimwa. Saa nne au tano baadaye maharagwe yameiva. Yarudishwe motoni yachemke tena kidogo kabla ya kuliwa. Mchele hauhitaji hata saa moja ndani humo. Kikapu hakina fundi, hakina leseni, na hakiharibiki. Kinafanya kile ambacho kuta nene za nyumba za Ulaya hufanya kabla hata pampu ya joto haijanunuliwa, yaani kulizuia joto lisitoke.

Kuhusu fedha, tuseme familia moja mjini Webuye hutumia makaa ya shilingi 100 kwa siku kwa jiko la bati tupu. Kwa mwaka ni shilingi 36,500. Jiko la udongo likipunguza theluthi moja tu, familia hiyo hubakiwa na zaidi ya shilingi 12,000 kwa mwaka, na hata jiko lenyewe likigharimu shilingi 1,000, litakuwa limejilipa katika siku 30. Sijui biashara nyingine halali katika kaunti hii inayorudisha mtaji kwa mwezi mmoja. Tatizo ni kwamba shilingi 1,000 hutakiwa siku moja, ilhali shilingi 33 za hasara hutoka kimyakimya kila siku. Chama cha akina mama cha kuchangiana kinaweza kulivuka kijito hicho kwa kumnunulia mwanachama mmoja jiko kila juma badala ya kumpa bahasha.

Hapa sharti niseme neno la tahadhari kuhusu makaa, kwa sababu wengi hudhani ukihama kutoka kuni kwenda makaa umepiga hatua. Moshi hupungua jikoni, naam. Lakini katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya makaa hula kilo tano hadi kumi za kuni. Sehemu kubwa ya nguvu za mti huishia porini kabla gunia halijashonwa. Mtu anayepikia kuni kavu katika mtungi uliojengwa vizuri ameutunza mti kuliko anayepikia makaa katika jiko zuri kabisa. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi Februari 2018, bei ya gunia ilipanda, na wakaaji wa mijini wakajua ghafla kuwa moto wao unatoka Elgon na Cherang'any, hautoki dukani.

Wako watakaoniambia kuwa mjadala huu umeshapitwa, kwamba wakati ni wa gesi na umeme. Sina pingamizi. Serikali ya Kenya imejiwekea lengo la kila nyumba kupata upishi safi kufikia mwaka 2028, na majirani zetu wa Tanzania wanataka asilimia 80 ya wananchi wao wafike huko ifikapo 2034. Wao hata wameipatia kampeni yao jina zuri la Kiswahili, nishati safi ya kupikia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mtu asiyetaka kuuondoa moshi huo hana huruma.

Ila gesi ni mgeni asiyetabirika. Kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa kwenye gesi mwaka 2016, ikarudishwa kwa asilimia 16 Julai 2021, ikapunguzwa kuwa asilimia 8 mwaka 2022, na mwaka 2023 ikaondolewa tena. Familia iliyouvunja mtungi wake wa udongo kwa sababu imenunua mtungi wa gesi wa kilo sita, mwaka 2021 ilijikuta imerudi kwenye mafiga. Gesi ni nzuri kwa chai ya asubuhi na mayai. Maharagwe ya saa tatu huimaliza. Ama umeme, wengi hawajatambua kuwa sufuria ya umeme inayofungwa kwa shinikizo, ya wati 1,000, ikivuta umeme kwa nusu saa imetumia nusu ya uniti. Hata uniti moja ikizidi shilingi 20 pamoja na tozo zake, kama ilivyo kwa wengi wetu, gharama hiyo haifiki bei ya mkebe wa makaa. Hicho ndicho chombo cha jikoni kilicho ndugu wa karibu wa ile pampu ya Ulaya: hutumia umeme kidogo kwa sababu hakiruhusu mvuke kutoroka. Aliye na nguzo ya umeme karibu na nyumba na akiba kidogo, ashauriwe akitafute. Asiye na hivyo viwili asiambiwe angoje mwaka 2028 huku theluthi ya mapato yake ikifuka kwenye paa.

Nimewaandikia walimu na wanafunzi kwa kusudi, kwani naamini shule zetu zimelibeba jambo hili mikononi bila kulijua. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa joto kwa njia tatu za kusafiri, kwa Kiingereza, akachora mchoro wa chupa ya chai na kupata alama zake. Jioni hurudi nyumbani na kumkuta mamake akiongeza gogo la tatu chini ya sufuria isiyofunikwa. Hasemi neno. Si mtovu wa adabu wala si mvivu. Maarifa aliyonayo yamo katika lugha ambayo mama haizungumzi, na yeye hajawahi kuyasikia kwa Kiswahili wala Lubukusu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* mwaka 1990. Istilahi zipo. Katika shule nyingi nilizotembelea kusimamia walimu wanafunzi, sijaiona kamusi hiyo mikononi mwa mwalimu wa fizikia hata mmoja. Walimu wa Kiswahili nao huona kuwa joto si somo lao. Baina ya viti hivyo viwili maarifa huanguka sakafuni.

Kisha kuna jikoni mwa shule yenyewe. Shule zetu nyingi hupikia kuni, tena kwa lori zima. Wakfu wa Bellerive, uliokuwa wa Sadruddin Aga Khan, ulianza tangu miaka ya 1980 kueneza nchini Kenya majiko makubwa ya taasisi, ambamo sufuria nzima huzama ndani ya jiko na moto huizunguka pande zote kabla moshi haujapanda kwenye dohani. Yalikuwa yakipunguza kuni kwa kiasi kikubwa sana. Hata hivyo ningali naziona shule ambazo sufuria la lita mia mbili limekalia mawe matatu mithili ya vifaru, na karani wa fedha akilia kuwa karo haitoshi. Karo hiyo hulipwa na wazazi waliouza mahindi kwa bei ya kutupa. Kuni ni miongoni mwa matumizi machache ya shule yanayoweza kupunguzwa kwa nusu bila mwanafunzi kunyimwa hata kijiko cha chakula.

Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 unadai wanafunzi watende, wasikariri tu, na kwa miaka hii michache wazazi wamechoka kununua gundi na manila za kutengenezea vitu vinavyotupwa wiki ya pili. Hapa pana zoezi lisilohitaji manila. Darasa lichukue mizani ya duka na kupima kuni zote zinazoingia jikoni mwa shule kwa juma moja, likipima pia maji yanayoongezwa kwenye sufuria la maharagwe. Juma la pili maharagwe yalowekwe usiku, sufuria lifunikwe, kuni ziwe kavu na zimepasuliwa, na moto upunguzwe mara tu maji yachemkapo. Wapime tena. Kundi jingine lifanye vivyo hivyo nyumbani kwa mafiga na kwa kikapu, likiandika kwa Kiswahili na kuwasomea wazazi. Mpishi wa shule alipwe marupurupu kidogo kutokana na kitakachobaki, maana bila yeye hakuna kitakachobaki. Nambari za majuma yote mawili ziandikwe kwa chaki kwenye mlango wa jikoni, ambapo mwalimu mkuu hupita akienda kuonja chakula, na atakayenitumia nakala kupitia kwa mhariri nitamshukuru, kwani nina jirani Bokoli anayezingoja.